Jinsi ya Kuchagua Vilengeo Vipya vya Bastola ya Kujilinda

Glock 19, bastola iliyotoka mwaka 1988 na kuenea dunia nzima, huuzwa mara nyingi ikiwa na vilengeo vya plastiki: mbele kijiti chenye nukta nyeupe, nyuma ukuta mdogo wenye pengo lililozungushiwa mstari mweupe wa umbo la U. Nitaitumia kama mfano katika maelezo haya kwa sababu vipimo vyake vinajulikana na kwa sababu vipuri vyake hupatikana kwa urahisi kuliko vya bastola nyingine nyingi, lakini kanuni zake zinamfaa pia mwenye Ceska, SIG Sauer au Walther. Vilengeo hivyo vya kiwandani vinafanya kazi, na wapo wapigaji hodari ambao hawajawahi kuvibadilisha. Udhaifu wake ni mambo mawili. Plastiki hulika kwa kusuguana na mkoba mgumu wa bastola, hasa kwenye kingo za kijiti cha mbele ambazo ndizo jicho linazitegemea. Tena, mtu akiinua bastola kwa haraka, ule mstari mweupe wa nyuma ndio unaomvuta macho, ilhali kinachoelekeza risasi ni kijiti cha mbele.

Wanunuzi wengi huanza kwa kuuliza ni vilengeo gani vinang'aa zaidi usiku. Mimi nasisitiza waanze kwingine. Kwanza hakikisha risasi inapiga pale kijiti kinapoonyesha. Pili hakikisha jicho lako linakipata kijiti hicho bila kukitafuta. Habari ya kung'aa ije baada ya hayo mawili kutimia. Kilengeo kinachong'aa huku kikipeleka risasi sentimita 10 chini ya shabaha ni hatari kwa kila aliye mbele ya mtutu, na raia aliyebeba silaha mjini anawajibika kwa kila risasi inayotoka, iwe imempata aliyekusudiwa au imempita.

Pima kabla ya kununua

Nenda kwenye uwanja wa shabaha ukiwa na risasi zile zile unazobeba kwa ulinzi, si zile za bei nafuu za mazoezi peke yake. Uzito wa kichwa cha risasi hubadilisha mahali pa kupiga: katika milimita 9 vichwa vya kawaida ni vya greni 115, 124 na 147, yaani takribani gramu 7.5, 8 na 9.5, na kwa kawaida kichwa kizito hupiga juu zaidi kwa umbali mfupi, kwa kuwa hukaa ndani ya mtutu muda mrefu kidogo wakati bastola imeshaanza kuinuka. Weka shabaha mita 15, egemeza mikono juu ya mfuko wa mchanga, kisha piga polepole makundi matatu ya risasi tano tano. Tafuta katikati ya kila kundi kwa rula na uandike liko umbali gani kutoka mahali ulipolenga, juu au chini, kushoto au kulia.

Kabla hujavilaumu vilengeo, mpe mpigaji mwingine mwenye uzoefu apige bastola hiyo hiyo, mbele ya msimamizi wa uwanja. Mtu anayetumia mkono wa kulia na ambaye hukaza vidole vyote anapovuta kifyatulio hupiga chini kushoto, na hali hiyo hufanana kabisa na kilengeo kilichokaa upande. Ikiwa risasi za mwenzako zinakwenda katikati, dawa yako ni mazoezi ya kidole, na fedha za vilengeo zingeenda bure.

Ikiwa tofauti ni ya bastola yenyewe, hesabu yake ni rahisi. Chukua kosa ulilopima, zidisha kwa umbali kati ya kilengeo cha mbele na cha nyuma, kisha gawanya kwa umbali wa shabaha, vyote vikiwa katika milimita. Kwenye Glock 19 umbali kati ya vilengeo ni takribani milimita 153. Tuseme makundi yako yanaangukia milimita 80 chini kwa mita 15: 80 mara 153, gawanya kwa 15,000, unapata takribani milimita 0.8. Maana yake unahitaji kijiti cha mbele kilicho kifupi kwa milimita 0.8, au kilengeo cha nyuma kilicho kirefu kwa kiasi hicho hicho. Glock wenyewe hutengeneza vilengeo vya nyuma vya urefu wa milimita 6.1, 6.5, 6.9 na 7.3, na 6.5 ndicho cha kawaida, kwa hiyo katika mfano wetu ungehitaji cha 7.3. Kila hatua ya milimita 0.4 husogeza risasi karibu sentimita 4 kwa mita 15 na sentimita 6.5 kwa mita 25. Kumbuka kwamba kijiti cha mbele hufanya kinyume cha cha nyuma: kijiti kirefu cha mbele hushusha risasi, na kijiti kifupi huipandisha. Kwa kosa la kushoto au kulia, sogeza kilengeo cha nyuma kuelekea upande unaotaka risasi iende.

Hesabu hiyo ndiyo itakayokuonyesha ni watengenezaji gani wa kuwafuata. Kampuni kama Dawson Precision huuza vijiti vya mbele vya urefu mbalimbali kwa tofauti ndogo ndogo, na kwa mtu mwenye bastola isiyopiga katikati hilo lina thamani kuliko nukta yoyote inayong'aa. Seti zinazouzwa kwa urefu mmoja tu hukufaa ikiwa bastola yako tayari iko sawa, au ikiwa muuzaji atakueleza kwa maandishi urefu wa mbele na wa nyuma ili uulinganishe na ulionao. Muuzaji asiyejua vipimo hivyo, mwache.

Upana wa kijiti na pengo

Sehemu hii hupuuzwa mno, nami naamini ndiyo inayotofautisha seti nzuri na seti ya kawaida. Unapolenga, unaona kijiti cha mbele kikisimama ndani ya pengo la nyuma, na kila upande wa kijiti kuna mwanya mwembamba wa nuru. Jicho hulinganisha mianya hiyo miwili upesi sana, na ikiwa sawa, bastola imenyooka. Mwanya ukiwa mwembamba mno, jicho hutumia muda kuutafuta, na kwenye mwanga hafifu hutoweka kabisa. Ukiwa mpana mno, unapata kasi lakini unapoteza usahihi wa mbali.

Chukua mtu ambaye jicho lake liko sentimita 70 kutoka kilengeo cha nyuma anaponyoosha mikono. Kijiti cha mbele kiko mbali zaidi, kwa hiyo huonekana chembamba kuliko kilivyo. Kijiti cha upana wa milimita 4 huonekana ndani ya pengo kana kwamba kina milimita 3.3, pengo likiwa na milimita 3.6, kila upande unabaki na mwanya usiofika milimita 0.2, nao ni finyu mno. Badilisha kijiti kiwe cha milimita 3.2, nacho kitaonekana kama cha 2.6, na kila upande utapata karibu nusu milimita. Tofauti hiyo huhisiwa mara ya kwanza unapoinua bastola. Kwa ulinzi ninapendekeza kijiti cha milimita 2.9 hadi 3.2 na pengo la milimita 3.6 hadi 3.9. Mwenye mikono mifupi au macho yaliyoanza kuchoka achague pengo pana zaidi ndani ya kiwango hicho.

Kuna maumbo yanayokwenda njia tofauti. Kampuni ya XS Sights hutengeneza nukta kubwa ya mbele inayokaa juu ya V pana ya nyuma. Kwa mita 3 hadi 7 huwa na kasi ya kuridhisha, lakini kuanzia mita 15 kwenda mbele ile nukta hufunika sehemu kubwa ya shabaha, na kujua urefu sahihi wa kulenga huwa kazi. Mtengenezaji mwingine, Heinie, ana mpangilio wa nukta moja juu ya nyingine badala ya tatu zilizojipanga mlalo, na wapo wanaoupenda kwa kuwa hauna nukta za pembeni za kuchanganya. Binafsi sishauri nukta tatu nyeupe zenye ukubwa sawa. Katika haraka, mtu anaweza kuzipanga vibaya, ile ya mbele ikakaa nje ya zile mbili, akadhani amelenga.

Rangi ya mbele ifanye kazi, ya nyuma inyamaze

Kilengeo cha nyuma kiwe cheusi, kisichometameta, na ikiwezekana kichorwe mistari midogo ya mlalo inayozuia mng'ao wa jua. Rangi yote ipewe kijiti cha mbele. Mchana jicho la binadamu huona kwa wepesi zaidi rangi zilizo kati ya kijani na njano, lakini rangi inayofaa hutegemea pia mandhari: kijani hupotea mbele ya majani na nyasi, ilhali chungwa linalowaka hutokeza karibu kila mahali. Watengenezaji kadhaa huzungushia taa ya mbele, yaani ile nukta ya kijiti inayong'aa gizani, pete ya chungwa au ya njano. Seti ya Trijicon HD XR ni mfano mzuri, kwa kuwa kijiti chake kimepunguzwa hadi takribani milimita 3.1, kutoka takribani 3.7 za HD ya awali, na kilengeo chake cha nyuma ni cheusi chenye pengo la U.

Asiyeweza kumudu seti ya namna hiyo ana njia rahisi na yenye heshima: asafishe uso wa kijiti chake kwa spiriti, apake tabaka la rangi nyeupe, aache ikauke, kisha apake juu yake rangi ya kucha ya chungwa kali. Rangi nyeupe ya chini ndiyo inayoifanya ile ya juu ing'ae. Itachubuka baada ya muda, naye ataipaka tena.

Suala la umri liingie hapa. Kuanzia miaka ya arobaini lensi ya jicho hukakamaa, na kijiti kilicho umbali wa mkono huanza kuwa na ukungu. Nukta kubwa husaidia kidogo, lakini kabla ya kubadilisha silaha nenda kwa daktari wa macho, umweleze kwamba unahitaji kuona vizuri kitu kilicho sentimita 80 hadi 85 kutoka usoni, umbali ulioupima mwenyewe kwa futi kamba. Miwani sahihi imewatatulia wengi tatizo walilolidhania kuwa la vilengeo.

Usiku, tritiamu na tochi

Tritiamu ni aina ya haidrojeni yenye mionzi hafifu. Hufungwa ndani ya kijineli, yaani kijibomba chembamba, cha kioo kilichopakwa dutu inayong'aa inapogongwa na mionzi hiyo, kwa hiyo haihitaji betri wala kuangaziwa kwanza. Nusu yake huisha kila baada ya miaka 12.3, na hivyo taa iliyotengenezwa miaka 12 iliyopita ina karibu nusu tu ya mwanga wake wa mwanzo. Tazama tarehe ya kutengenezwa, usitazame tarehe ya kuuziwa. Seti iliyokaa dukani miaka mitano imeshapoteza karibu robo ya mwanga wake. Taa ya kijani ndiyo inayoonekana kali zaidi, kwa sababu jicho lililozoea giza lina wepesi mkubwa kwa rangi iliyo karibu na kijani. Ikiwa nyuma pia kuna taa, ziwe hafifu kuliko ya mbele au za rangi nyingine.

Manufaa ya tritiamu yana mipaka iliyo wazi. Huku kwetu karibu na ikweta jua likishatua giza huingia upesi, na kuna kipindi kifupi, au hali ya korido yenye taa ya nje inayopenya dirishani, ambapo unaweza kumtambua mtu lakini kijiti cheusi kimepotea. Hapo tritiamu inasaidia kweli. Katika giza totoro haisaidii, kwa kuwa unaona nukta zako bila kujua zimeelekea kwa nani. Hakuna kilengeo kitakachokuambia kwamba aliyesimama kwenye ukumbi stima zikiwa zimepotea ni mwizi au ni mwanao aliyeamka kunywa maji. Kazi hiyo ni ya tochi, na tochi ikiwashwa, vilengeo vyote huonekana kama vivuli vyeusi dhidi ya mwanga, nayo tritiamu haionekani tena. Mwenye bajeti ya kitu kimoja anunue tochi nzuri kwanza.

Uzi wa faiba, ule wa plastiki unaokusanya nuru na kuitoa nchani, ni mkali mno juani na haufanyi lolote gizani. Unafaa zaidi mashindano. Hukatika, hudhurika kwa baadhi ya dawa za kusafishia, na ukianguka unabaki na tundu tupu, ingawa kipande kipya huwekwa kwa dakika chache kwa kukiyeyusha ncha kwa kiberiti cha gesi. TruGlo wana vilengeo vinavyounganisha faiba na tritiamu. Vinaonekana vizuri saa zote, lakini vingi ni vinene, basi rudi kwenye hesabu ya mianya kabla ya kuvilipia.

Fanya jaribio hili nyumbani. Ondoa magazini (kisanduku cha risasi), vuta slaidi (sehemu ya juu ya bastola inayorudi nyuma), hakikisha chemba, pale risasi inapokaa tayari kupigwa, ni tupu kwa macho na kwa kidole, kisha peleka risasi zote chumba kingine. Jioni, nuru inapoanza kufifia, simama kwenye korido ukiwa umeelekea ukuta imara usio na mtu nyuma yake, fumba macho, inua bastola, fumbua. Ulichokiona kwanza ni kipi, kijiti cha mbele au kilengeo cha nyuma? Rudia kila baada ya dakika chache hadi giza liingie, kisha rudia kwa tochi. Jibu lake litakuonyesha tatizo lako liko wapi.

Nukta nyekundu ya kielektroniki

Tangu Trijicon walipotoa RMR, kifaa chenye kioo kidogo kinachofungwa juu ya slaidi na kuonyesha nukta ya mwanga, mwaka 2009 na Glock kuleta mfululizo wa MOS mwaka 2015, wenye slaidi iliyotayarishwa tayari kupokea kifaa hicho, nukta nyekundu imekuwa chaguo la kawaida. Faida yake ni kubwa kwa macho yaliyozeeka: unatazama shabaha, na nukta iko juu yake. Nukta ya dakika 3.25 za pembe (dakika moja ni sehemu ya 60 ya digrii) hufunika karibu milimita 24 kwa mita 25, na ya 6.5 hufunika karibu 47. Kwa ulinzi ukubwa ulio kati ya hizo unatosha. Mwenye astigmatizimu, yaani kasoro ya umbo la jicho, huiona kama mkwaruzo au nyota badala ya duara, kwa hiyo atazame ndani ya kifaa cha mtu mwingine kabla ya kununua. Penye vumbi na mvua, kifaa kilichofungwa pande zote, kama Aimpoint ACRO au Holosun 509T, huaminika zaidi kuliko kilicho wazi ambacho tone moja la maji huziba mwanga wake. Baki na vilengeo vya chuma virefu vinavyoonekana kupitia kioo chake. Asiye tayari kufanya mazoezi ya kuinua bastola tupu karibu kila siku kwa wiki kadhaa asibebe nukta nyekundu, kwa sababu katika dharura ataitafuta ndani ya kioo.

Chuma, umbo na mkoba

Chagua chuma cha pua au chuma kilichokomazwa kwa joto. Alumini inakubalika, plastiki hapana. Uso wa mbele wa kilengeo cha nyuma uwe wima kama ngazi, ili mkono mmoja ukiumia uweze kukisukuma dhidi ya mkanda au kisigino cha kiatu na kuvuta slaidi. Vilivyoinama kama mteremko huteleza. Pembe kali zinazochana nguo zisiwepo. Hakikisha pia mkoba wako una njia ya kutosha ya kijiti kirefu, la sivyo utakwangua rangi au, jambo baya zaidi, bastola itakwama unapoichomoa.

Sheria na ununuzi

Nchini Kenya umiliki unaongozwa na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na nchini Tanzania na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kabla ya kuagiza chochote, uliza kwa maandishi ofisi iliyokupa cheti na utunze jibu lake. Slaidi ya Glock ina namba ya utambulisho, hivyo kuikata kwa mashine ili ipokee nukta nyekundu ni jambo zito kuliko kubadilisha kijiti. Tritiamu, kwa kuwa ina mionzi, inagusa pia Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia ya Kenya, iliyoundwa na sheria ya mwaka 2019, na kwa Tanzania inagusa Tume ya Nguvu za Atomiki. Usimwombe ndugu aliye Marekani akufungie seti ndani ya sanduku la nguo. Muuzaji mwenye leseni atakutoza zaidi, lakini karatasi zake ndizo zitakazokutetea.

Kufunga na kuthibitisha

Mpelekee fundi wa silaha mwenye kibali. Kilengeo cha nyuma cha Glock hukaa ndani ya mfereji uliokatwa kwa pembe, na huingizwa kwa mtambo wa kusukuma. Nyundo inaweza kupasua kijineli cha tritiamu. Kijiti cha mbele hushikwa na skrubu ndogo inayokazwa kutoka ndani ya slaidi. Mwombe fundi asafishe mafuta kwa spiriti, atie tone dogo la gundi ya kuzuia skrubu isilegee, ile ya rangi ya bluu, akaze bila kutumia nguvu nyingi, na aache gundi ikauke kwa saa 24 kabla ya kupiga. Kilengeo cha nyuma kinachoingia kwa kusukumwa na kidole ni kilegevu, kikatae.

Chora mstari mwembamba wa rangi nyeupe unaovuka kutoka kilengeo cha nyuma hadi kwenye slaidi, kisha rudi uwanjani na risasi zako za ulinzi, upige makundi matatu yale yale kwa mita 15, na uyalinganishe na karatasi ya mwanzo. Baada ya risasi mia hivi tazama mstari huo: ukiwa umekatika, kilengeo kimehama, na bastola irudi kwa fundi kabla hujaivaa tena. Kagua skrubu ya mbele kila unaposafisha silaha.